Kiongozi Akiuawa, Nani Atasema? Somo la Kupima Hotuba

Kiongozi akiuawa, mambo mawili hufuata upesi. La kwanza ni kilio, na la pili ni hotuba. Kilio hakihitaji mafundisho, maana kila mtu amezaliwa nacho. Lakini hotuba ni kazi ya ulimi, na kazi ya ulimi yafaa kupimwa, kama seremala apimavyo ubao kabla ya kuukata. Akishaukata vibaya, hauungiki tena.

Katika somo hili tutapima hotuba chache zilizosemwa wakati watu wamechomwa moyo. Tutaanza na mchezo ambao Mwalimu Julius Nyerere aliutia katika Kiswahili. Kisha tutakuja hapa kwetu Ruvuma, katika habari ya Dkt. Eduardo Mondlane, aliyeuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969. Mwisho tutaweka maswali matano ambayo mwanafunzi aweza kuyatumia siku yoyote asikiapo hotuba, iwe uwanjani, redioni au katika simu ya mkononi.

Neno tunalotaka mwanafunzi alishike ni hili: hotuba ya msiba hupimwa kwa kile inachowaachia watu mikononi. Ikiwaachia kazi ya kufanya, yaweza kujenga. Ikiwaachia jina la kuchukia tu, basi mtu asiye na hatia yu karibu kufa.

I. BRUTUS NA ANTONY

Julius Caesar, ambaye kwa Kiswahili twamwita Kaizari, aliuawa Roma tarehe 15 Machi, mwaka 44 kabla ya Kristo. Waliomchoma visu walikuwa wakuu wenzake wa baraza, wakiongozwa na Brutus na Cassius. Mwingereza Shakespeare aliandika mchezo juu ya habari hiyo yapata mwaka 1599. Mwalimu Nyerere, akiwa tayari ni Rais, alitoa tafsiri yake mwaka 1963, kisha akaisahihisha, ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Yafaa kukumbuka mwaka huo wa 1969, kwa sababu tutaukuta tena mbele.

Baada ya mauaji, watu wa Roma wataka kujua sababu. Brutus asimama kwanza. Hotuba yake ni fupi na imepangwa vizuri. Asema kwamba alimpenda Kaizari, lakini aliipenda Roma zaidi. Na kwamba Kaizari alikuwa na tamaa ya kujifanya mfalme. Kisha awauliza watu kama yuko miongoni mwao apendaye kuwa mtumwa. Bila shaka hakuna ajibuye ndiyo. Watu wajibu kwamba hayuko, na Brutus alipokea jibu hilo kama hukumu ya kumwachilia.

Tuitazame hoja hiyo kwa makini. Brutus hakuleta ushahidi hata mmoja wa tamaa ya Kaizari. Aliwaomba watu wamwamini kwa sababu ya heshima yake mwenyewe. Tena aliwawekea njia mbili tu: ama ukubali kwamba Kaizari alistahili kufa, ama wewe wapenda utumwa. Njia ya tatu, yaani kuuliza “Je, umehakikishaje?”, aliifunga. Na watu walimwelewa namna gani? Mmoja wao alipaza sauti kutaka Brutus mwenyewe afanywe Kaizari! Hotuba iliyosemwa ili kuondoa ufalme ikawafanya watu watake mfalme mwingine. Hapo twaona kwamba kupigiwa makofi si sawa na kueleweka.

Kisha Brutus afanya kosa kubwa. Ampa Antony, rafiki wa Kaizari, ruhusa ya kusema juu ya maiti, kwa sharti kwamba asiwalaumu waliomwua. Cassius alimwonya, asisikie. Brutus akaenda zake, akamwacha Antony na umati.

Antony alilishika sharti hilo kwa maneno, akalivunja kwa maana. Hila zake ni nne, na kila moja yatumika hata leo.

(a) Kurudia sifa mpaka igeuke kejeli. Alimsifu Brutus kuwa mtu wa heshima, akarudia sifa hiyo tena na tena, na kila mara aliiweka karibu na jambo linaloikanusha. Mwishoni sifa ile ile ikasikika kama tusi.

(b) Mifano midogo badala ya hoja kubwa. Alikumbusha kwamba Kaizari aliingiza fedha za mateka katika hazina ya watu wote, kwamba aliwalilia maskini, na kwamba alikataa taji mara tatu. Hapa Antony ana haki kumshinda Brutus, maana yeye alileta mambo yaliyoonekana.

(c) Kuficha ili kutamanisha. Alitaja wosia wa Kaizari, akasema hawezi kuusoma. Watu wakamlazimisha ausome. Mtu hushika kwa nguvu zaidi kile anachodhani amekipata kwa kushindana.

(d) Kuonyesha kitu kwa macho. Alilifunua joho la Kaizari lenye matundu, akawaambia ni tundu lipi lilitobolewa na Cassius na lipi na Brutus. Watu wakalia. Lakini mwanafunzi mwangalifu atauliza: Antony alijuaje? Maana Kaizari alipokuwa akichomwa, Antony alikuwa amevutwa nje kwa hila na mmoja wa wala njama. Hakuona kisu hata kimoja. Tundu katika joho lilikuwa la kweli. Jina la mwenye kisu lilitoka kinywani mwa msemaji.

Hatimaye wosia ukasomwa: kila raia wa Roma kupewa drakma 75, na bustani za Kaizari kuwa za watu wote. Umati ukatoka na mienge.

Njiani walikutana na mshairi aitwaye Cinna. Mmoja wa wauaji naye aliitwa Cinna. Mshairi akapiga kelele kwamba yeye siye yule. Wakamwambia haidhuru, jina ni lile lile, wakamrarua. Hicho ndicho kisa tunachomwomba mwanafunzi asikisahau, japo ni kifupi sana katika mchezo. Mtu wa kwanza kufa kwa hotuba ya Antony hakuwa Brutus wala Cassius. Alikuwa mtu mwenye jina baya kwa siku ile.

Na ule wosia je? Ukifunua mchezo mbele kidogo, wamwona Antony mezani na wenzake, wakiandika majina ya watakaouawa. Kisha aagiza wosia uletwe, watafute namna ya kupunguza yale waliyoachiwa watu. Machozi yalikuwa ya uwanjani. Hesabu zilikuwa za mezani.

II. KIFURUSHI CHA OYSTER BAY

Sasa tuondoke Roma, turudi pwani yetu. Mtu akisimama Newala penye Shimo la Mungu, aona bonde la Ruvuma chini yake, na nchi ya Msumbiji ng'ambo. Kule ng'ambo, katika uwanda wa juu wa Wamakonde, upo mji wa Mueda. Tarehe 16 Juni 1960 watu walikusanyika Mueda mbele ya gavana wa Kireno, wakitaka haki zao. Askari wakawapiga risasi. Wengi wa ng'ambo wakavuka mto kuja kwetu. Wamakonde wako kando zote mbili za mto. Aliyevuka hakufika ugenini kabisa.

Tarehe 25 Juni 1962 vyama vitatu vya Wamsumbiji viliungana Dar es Salaam, kikazaliwa chama cha FRELIMO. Rais wake wa kwanza alikuwa Eduardo Mondlane. Alizaliwa mwaka 1920 katika Gaza, kusini kabisa mwa Msumbiji. Alipata shahada ya udaktari katika chuo kikuu cha Northwestern, Marekani, akafanya kazi Umoja wa Mataifa, akafundisha chuo kikuu. Aliacha hayo yote akaja kuongoza vita. Vita vilianza tarehe 25 Septemba 1964 huko Chai, katika jimbo la Cabo Delgado, si mbali na mpaka wetu. Mtwara ikawa mlango wa vita hivyo. Majeruhi walivushwa mto kuletwa katika hospitali ya FRELIMO iliyokuwa Mtwara, iliyopewa jina la daktari Américo Boavida wa Angola. Askari walifundishwa Nachingwea, mahali palipokuwa mashamba ya ule mpango wa karanga wa Waingereza. Siku hizo Nachingwea ilikuwa katika Mkoa wa Mtwara, maana Mkoa wa Lindi ulitengwa mwaka 1971.

Kabla ya kifo cha Mondlane, hotuba za kuvuta watu zilikuwa zimekwisha kuanza ndani ya chama chenyewe. Zilikuwa za namna mbili.

Ya kwanza ilisema hivi: wanaokufa vitani ni watu wa kaskazini, na wanaotoa amri ni watu wa kusini. Msemaji wake mkubwa alikuwa Lázaro Nkavandame, kiongozi wa FRELIMO katika Cabo Delgado, naye ni Mmakonde. Hotuba hiyo ilikuwa na kweli ndani yake, na kwa sababu hiyo ilikuwa na nguvu. Mapigano ya miaka ile ya kwanza yalikuwa kaskazini, na wakuu kadhaa wa chama, akiwamo Mondlane mwenyewe, walitoka kusini. Hila haikuwa katika habari. Ilikuwa katika hukumu iliyotolewa kwa habari hiyo, yaani kwamba basi adui ni mtu wa kusini.

Ya pili ilitazama rangi. Mke wa Mondlane, Janet, alikuwa Mzungu wa Marekani, na katika shule ya FRELIMO iliyokuwa Kurasini walikuwako walimu Wazungu. Padri Mateus Gwenjere, mtu mwenye ulimi mtamu, aliwavuta wanafunzi wengi upande wake. Machi 1968 shule ikaingia fujo, ikafungwa. Mei mwaka huo watu wenye hasira waliingia ofisi ya FRELIMO Dar es Salaam, na mfanyakazi mmoja akapigwa, akafa. Mwanafunzi wa leo na ayaangalie hayo vizuri: waliovutwa kwa hotuba hizo walikuwa vijana wa sekondari kama yeye, na walidhani wanatetea nchi yao.

Jibu la Mondlane lilikuwa moja daima. Adui ni utawala wa kikoloni wa Ureno, si rangi ya mtu wala kabila la mtu. Hilo ni neno gumu kuliuza kwa watu waliofiwa. Utawala hauna uso. Huwezi kuupiga jiwe. Lakini ndilo neno lililoiweka silaha mahali pake.

Asubuhi ya tarehe 3 Februari 1969, Mondlane alichukua barua zake akaenda kufanya kazi katika nyumba ya rafiki huko Oyster Bay. Miongoni mwa barua kilikuwamo kifurushi cha kitabu. Alipokifungua, bomu lililofichwa ndani ya kitabu likalipuka, likamwua papo hapo. Alikuwa na umri wa miaka 48. Aliyetuma kifo alijua tabia yake: mtu asomaye hawezi kukiacha kitabu kimefungwa.

Waliotajwa zaidi kuwa ndio waliotengeneza bomu ni polisi wa siri wa Ureno, PIDE. Wengine waliwanyoshea kidole watu waliokuwa ndani ya chama. Hapo ndipo palipokuwa na hatari ya Cinna. Nkavandame alikuwa amekwisha kukosana na chama. Muda si mrefu akajisalimisha kwa Wareno, nao wakamtumia kuwaita Wamakonde waache vita. Je, kila Mmakonde sasa awe msaliti? Kila mtu wa kusini awe mnyang'anyi? Kila Mzungu awe mpelelezi? Majina yalikuwa tayari. Ilibaki msemaji tu wa kuyatamka mbele ya maiti.

III. KUTOKA RUVUMA MPAKA MAPUTO

FRELIMO ilikuwa na msemo wake wa umoja: kutoka Ruvuma mpaka Maputo. Samora Machel, aliyekuwa mkuu wa jeshi na akawa Rais wa FRELIMO mwaka 1970, aliutumia sana msemo huo. Tuupime kama tulivyompima Antony.

Kwanza, msemo huu hautaji kabila hata moja, wala haumtaji mtu. Wataja mito miwili, mmoja wa kaskazini na mmoja wa kusini, na kila aliye katikati amo. Pili, waanza na Ruvuma. Mmakonde wa Mueda ausikiapo asikia mto wake ukitajwa kwanza, na yule malalamiko yake yalikuwa kwamba watu wake wametangulia kufa lakini hawatangulii kuheshimiwa. Tatu, neno “kutoka” na neno “mpaka” ni maneno ya safari. Hayasemi “mchukie”, yasema “twende”. Kwa hiyo msemo ule uliwaachia watu kazi mikononi.

Matokeo yake yalionekana. Wamakonde walio wengi hawakumfuata Nkavandame. Mwaka 1970 Wareno walipeleka jeshi kubwa katika uwanda wa Mueda, lakini vita havikuzimika. Mei 1975 Machel alitoka Tanzania akavuka Ruvuma, akasafiri nchi nzima kuelekea kusini, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru. Msemo ulikuwa umetembea kwa miguu.

Hata hivyo somo letu lingekuwa la uongo kama tungeishia hapo. Mwaka huo huo wa 1975, kabla ya siku ya uhuru, wapinzani wa FRELIMO waliletwa Nachingwea mbele ya mkutano. Mmoja wao alikuwa Mchungaji Uria Simango, aliyekuwa Makamu wa Rais chini ya Mondlane. Alisomeshwa maungamo marefu ya makosa yake. Baada ya uhuru, Simango, Nkavandame na Gwenjere waliuawa wakiwa mikononi mwa wenye serikali, bila kesi ya wazi. Msemo wa umoja uliotumika kuwaokoa wengi dhidi ya hasira ya kabila, ulitumika pia kuziba vinywa vya wachache. Neno zuri halimfanyi kila alisemaye kuwa mwadilifu siku zote. Maungamo yasomwayo mbele ya bunduki nayo ni hotuba, na yafaa kupimwa kwa mizani ile ile.

IV. MWAKA ULE ULE, NAIROBI

Miezi mitano baada ya Mondlane, tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya, Waziri wa Kenya, alipigwa risasi Nairobi alipokuwa akitoka katika duka la dawa. Mboya alikuwa Mjaluo. Aliyeshtakiwa na kuhukumiwa kifo alikuwa Mkikuyu. Mahakama ilimhukumu mtu mmoja, lakini barabarani watu walihukumu kabila zima. Tarehe 25 Oktoba mwaka huo Rais Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali. Yeye na Oginga Odinga wakajibizana kwa maneno makali mbele ya umati. Mawe yakatupwa, walinzi wakapiga risasi, watu wakafa, na watoto miongoni mwao. Siku chache baadaye chama cha Odinga, KPU, kikapigwa marufuku.

Mauaji mawili ya mwaka mmoja, Dar es Salaam na Nairobi. Hatusemi kwamba upande mmoja walikuwa malaika na upande wa pili mashetani. Tumekwisha kuona yaliyotokea Nachingwea. Twasema tu kwamba Kisumu siku ile hapakuwa na neno kama “kutoka Ruvuma mpaka Maputo”. Palikuwa na majina. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na ulimi wa mkuu hujikwaa juu ya vichwa vya watu wengine.

V. HERUFI MOJA TU

Tutoe mfano mmoja wa lugha yetu wenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera, yakaua watu na kupora mali. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alihutubia taifa. Alisema kazi iliyopo ni moja, kisha akahesabu mambo matatu: uwezo tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Mambo matatu yenye mapigo ya namna moja hukaa kichwani kwa urahisi. Ndiyo maana wazee wetu bado huyakumbuka neno kwa neno.

Lakini mwanafunzi wa sarufi na alitazame neno alilolitumia kutaja kazi yenyewe: “kumpiga”. Hakusema “kuwapiga”. Ile -m- ni kiambishi cha mtu mmoja. Katika herufi moja Mwalimu alimtenga Amin na watu wa Uganda. Sababu nayo iliweza kuhakikishwa, kwa kuwa yeyote aliweza kwenda Kagera akaona. Ni kweli kwamba vita havifuati sarufi, na wananchi wa Uganda nao waliumia kabla na baada ya Kampala kutekwa tarehe 11 Aprili 1979. Lakini msemaji aliyechagua -m- mahali pa -wa- alijua anachokizuia.

VI. MASWALI MATANO YA KUPIMIA HOTUBA

Usikiapo hotuba ya kukuvuta, hasa wakati wa msiba wa taifa, jiulize haya kabla hujapiga makofi:

1. Ameleta ushahidi, au ameleta heshima yake? Hapa Brutus alishindwa.

2. Yale ayasemayo aliyaona au aliyahesabu nani? Kumbuka Antony na matundu ya joho. Kumbuka pia Mueda: FRELIMO ilitaja watu zaidi ya 500 waliouawa, lakini wanahistoria waliosoma karatasi za Kireno wametaja idadi iliyo ndogo sana. Ubaya wa kuwapiga risasi watu wasio na silaha haupungui kwa hesabu kupungua. Basi hakuna haja ya kuogopa kuuliza hesabu.

3. Je, ameziba njia ya tatu? Msemaji akikuambia “ama uko nasi, ama wewe ni adui”, tafuta mwenyewe alichokiacha katikati.

4. Adui aliyemtaja ni tendo, ni mtu mmoja, au ni jina la watu wengi? Tafuta kama amesema -m- au -wa-.

5. Ameniachia nini mikononi? Kazi, au mwenge? Na yeye mwenyewe akirudi mezani, wosia wake utabaki vile vile?

Pengine mwanafunzi atasema: “Mimi si kiongozi, wala sina umati wa kuuhutubia.” Kweli. Lakini Cinna hakuuawa na Antony. Aliuawa na watu wa kawaida, wapita njia, ambao jioni yake walirudi nyumbani kula. Hotuba hukamilika katika sikio la msikilizaji. Msemaji hodari akikutana na wasikilizaji wanaouliza, hulazimika kuwa mkweli zaidi. Akikutana na wasiouliza, hata mtu mwema huharibika. Siku hizi habari ya kuuawa mtu hufika kijijini kabla ya maiti kupoa, nayo mara nyingi hufika pamoja na jina la wa kulaumiwa. Mwenye kuirudisha habari hiyo kwa wenzake kabla ya kuuliza maswali haya, yeye naye amesimama jukwaani.

Mondlane alizikwa Dar es Salaam, na baada ya uhuru mifupa yake ikapelekwa Maputo. Alikufa mkononi mwake akiwa na kitabu kilichogeuzwa kuwa silaha. Sisi tulio na vitabu vya salama, ndio tunaopaswa kuvisoma mpaka mwisho.

MAZOEZI

1. Kwa nini Brutus alikosea kuondoka kabla ya Antony kusema? Toa sababu mbili.

2. Eleza kwa maneno yako jinsi sifa iwezavyo kugeuka kejeli. Tunga sentensi tano ukitumia hila hiyo, juu ya jambo la shuleni lisilomwumiza mtu.

3. “Katika hotuba ya Nkavandame habari ilikuwa na kweli, bali hukumu ilikuwa na hila.” Fafanua.

4. Andika sentensi nne zenye kiambishi -m- ambazo maana yake itakuwa ya hatari kikitiwa -wa- badala yake.

5. Jifanye u mmoja wa rafiki za Cinna mshairi. Andika hotuba ya maneno 200 utakayoisema mazishini kwake, bila kumtaja mtu wa kuchukiwa, na uwaachie wasikilizaji kazi moja ya kufanya.

6. Ukifika nyumbani wakati wa likizo, mwombe mzee mmoja akusimulie habari za miaka ya vita ng'ambo ya Ruvuma. Andika yale aliyoyaona kwa macho upande mmoja wa karatasi, na yale aliyoyasikia upande wa pili. Leta karatasi hiyo darasani muhula ujao.